Msuli umekaza, umechanika au umezimika? Tafuta tatizo kabla hujaanza kukanda

Jumapili iliyopita kwenye ndondo winga wetu kaanguka mwenyewe, hakuna mtu aliyemgusa, kashika nyuma ya paja anagaragara. Kabla sijavuka mstari watu wanne washamfikia. Mmoja anauvuta mguu juu kama anapandisha bendera, mmoja anamwaga maji ya barafu, wa tatu anachua kwa nguvu zake zote na ile dawa ya kuchua inayonukia mpaka kwa muuza karanga, wa nne kazi yake kusukuma watu, mpeni hewa, mpeni hewa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, we mdogo wangu umesikia nini?

Mi ni fizio, wiki nzima niko kliniki wikiendi niko na timu, na kinachonichosha ni hiki, watu wanatibu kabla hawajajua kilichoharibika ni nini. Kila kitu kinaitwa msuli, au kinaitwa mshipa, na mshipa kwa Kiswahili chetu ndo balaa kabisa maana mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri inaitwa mshipa. (Msuli nao ni ile nguo ya kujifunga kiunoni, ila hiyo ikichanika fundi cherehani anamaliza.) Fundi bodaboda akiletewa pikipiki haiwaki hakimbilii kufungua injini, anaangalia kwanza mafuta yapo, plagi inatoa moto, waya haujakatika. Tufanye hivyohivyo.

Inavyofanya kazi, soma hata kama una haraka

Una misuli zaidi ya 600 ya kusogeza mifupa, na kwa mtu wa kawaida inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Ukitaka kuona ilivyoundwa angalia nyama ya ng'ombe iliyochemka sana kwenye supu, inachambuka nyuzinyuzi, fungu ndani ya fungu, kama kamba ya katani. Kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani yake kuna vijiuzi vya protini vya aina mbili, vyembamba ni aktini na vinene ni mayosini. Mayosini ina vichwa vinavyoshika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele kidogo, vinavuta tena, yaani kama wavuvi ufukweni wanavyokokota juya, mikono inapokezana na kamba inakuja. Kwa hiyo msuli unafupika kwa vijiuzi kuteleza na kupishana, hakuna kinachojikunja humo. Hii ilitolewa 1954 na timu mbili tofauti kwenye toleo moja la jarida la Nature, huku Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kule Hugh Huxley na Jean Hanson, na hao kina Huxley wawili wala hawana undugu.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanalibeba kinyume. Nguvu haitumiki kuvuta tu, hata kuachia kunataka nguvu. Vile vichwa vikishika haviachii mpaka ipatikane ATP, ambayo ndo mafuta ya seli. Ndo maana maiti inakakamaa masaa machache baada ya mtu kufariki, mafuta yameisha, vichwa vimeshika na hakuna wa kuviachisha, mpaka nyama yenyewe ianze kuharibika ndo inalegea.

Na msuli unavuta tu, hausukumi. Nyanyua dumu la maji huku umeshika mkono wa juu kwa mbele, utasikia nyama inajaa. Sasa sukuma ukuta, ya mbele inalegea inayojaa ni ya nyuma. Iko jozijozi, mmoja akivuta mwenzake analegea, na ugomvi ukitokea kati yao ndo mambo yanaharibika.

Njia nzima iko hivi: ubongo unatoa amri, inashuka uti wa mgongo, inatoka na neva, inafika kwenye kiungio cha neva na msuli, pale kemikali inaitwa asetilikolini inavuka, kalsiamu inamwagika ndani ya uzi, vichwa vinavuta, msuli unavuta kano, kano inavuta mfupa. Tatizo linaweza kuwa popote hapo, na kila sehemu ikiharibika ina sauti yake. Ndo maana mtu akija namuuliza vitatu tu. Ilianza ghafla au taratibu? Inauma, au haina nguvu? Ni sehemu moja au pande zote mbili? La pili ndo zito kuliko yote, msuli ulioumia unauma, ila waya (neva) uliokatika mara nyingi hauumi hata kidogo, unazimika tu, na watu wanaogopa maumivu wanapuuza kuzimika, wakati ilitakiwa iwe kinyume.

Dalili: umekaza ghafla, kigimbi kimekuwa jiwe, unataka kupiga kelele

Hapa msuli mzima uko sawa, hakuna kilichokatika, ila neva inaendelea kuupigia amri bila kukoma. Sana sana unatokea dakika za mwisho za mechi msuli ukiwa umechoka, au saa nane usiku ukijinyoosha kitandani vidole vikiwa vimeelekea chini.

Cha kufanya, nyosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, taratibu, shikilia nusu dakika au zaidi. Hakuna uchawi hapo, ukiuvuta msuli vihisio vilivyoko kwenye kano vinapeleka ujumbe kwenye uti wa mgongo kwamba punguza moto huku. Kuuchua juujuu sio mbaya kwenye huu, ila kuvuta ndo dawa.

Watu watakuambia ni chumvi na maji tu, kula ndizi. Jasho jingi linachangia, sikatai, na mtu anayepiga kazi juani kutwa anywe maji na apate chumvi kwenye chakula. Ila jiulize, kama ni chumvi ya mwili mzima mbona kinakaza kigimbi kimoja, tena kile kilichofanya kazi? Uchovu wa neva na msuli una mkono mkubwa humo. Kuna jaribio lilifanywa Marekani likatolewa 2010, wakawakazisha watu msuli kwa umeme afu wakawanywesha maji ya achari, ukaachia ndani ya kama dakika moja na nusu, haraka kuliko walionywa maji matupu, na muda huo chumvi haijafika hata kwenye damu. Maana yake ule ukali mdomoni na kooni ndo ulioshtua neva zikatulia. Kwa hiyo yule mama anayekulambisha achari ya ndimu hajakosea, sababu tu ndo nyingine.

Kama ni wa usiku na unajirudia kila siku angalia vitu hivi: ujauzito, umri umeenda, au vidonge vya presha vile vya kukojoza, vinaweza kutoa potasiamu na magnesi kwenye mkojo. Mwambie daktari abadilishe, usiache mwenyewe. Na tafadhali usitafute kwinini. Kwinini kweli inatuliza kukaza, zamani wazungu waliitumia sana kwa hilo, lakini madhara yake kwenye damu na mapigo ya moyo yamewafanya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, 2006 waamuru kwinini zisizo na kibali ziondolewe sokoni na wakaonya isitumike kwa kukaza miguu.

Kuna kimoja kinajifanya kukaza na sicho. Kigimbi kimoja kinauma siku mbili tatu mfululizo, kimevimba kuliko mwenzake, cha moto, na mtu katoka kwenye basi safari ndefu, au katoka kujifungua, au alikuwa na plasta (plasta ya fundi mifupa nasema). Hapo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. HUYO HACHULIWI. Ukimchua lile bonge linaweza kung'oka likaenda kukaa kwenye mapafu. Hospitali siku hiyohiyo.

Dalili: jana ulikuwa fiti, leo huwezi kushuka ngazi

Ulianza jimu Jumatatu, Jumatano unakaa chooni kwa kushika ukuta. Hii ndo wanasema asidi imejaa kwenye misuli, na sio kweli, ile laktiki ukipumzika saa moja hivi imeshaondoka, haiwezi kukuuma siku mbili baadaye. Kinachouma ni nyuzi zenyewe kupata michubuko midogomidogo na mwili kuja kukarabati. Unaanza kusikia baada ya masaa 12 mpaka 24, kilele ni siku ya pili au ya tatu, baada ya hapo unapungua wenyewe.

Michubuko hiyo inakuja zaidi msuli ukifanya kazi huku unarefushwa, yaani kama breki. Waulize waliopanda Kilimanjaro. Kupanda mpaka kileleni Uhuru mita 5,895 kunachosha pumzi, ila kinachoua mapaja ni kushuka Mweka, kila hatua misuli ya mbele ya paja inazuia mwili usiporomoke, inavutwa huku imekaza, masaa na masaa. Mgeni anafurahi kashuka, kesho yake Moshi anatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Mapagazi hawaumwi hivyo kwa sababu msuli ulioshapitia hiyo shuluba mara moja unajikinga kwa wiki kadhaa mbele, ndo maana ya kuanza kidogokidogo.

Dawa yake ni kutembeatembea, kulala, kula vizuri. Diklofenaki ya nini? Watu wanameza diklofenaki kama pipi, tumbo tupu, wametoka kutoa jasho hawajanywa maji, wanatafuta vidonda vya tumbo na figo bure.

Dalili: mkojo umekuwa kama chai ya rangi

Hiki ni kifupi ila usikiruke. Mazoezi yaliyopitiliza, au mtu kalaliwa na kifusi, au kapigwa sana (wezi wanaopigwa na wananchi tunawaona hivi), au kapigwa na umeme, siku moja mbili baadaye misuli imevimba, inauma kupita kiasi na mkojo mweusi mwekundu. Nyuzi zimepasuka nyingi kwa mpigo, protini ya mayoglobini imemwagika kwenye damu na inaziba figo, na potasiamu iliyotoka humo inaweza kusimamisha moyo. Daktari Bywaters alieleza hili London 1941, watu walitolewa hai chini ya majengo yaliyopigwa mabomu, wakaonekana wazima, wakafa figo siku chache baadaye. Usisubiri kuche, anahitaji maji mengi ya dripu. Na kama ana homa kali na mkojo huohuo, malaria kali nayo inafanya hivyo, njia ni ileile ya hospitali.

Dalili: ulikuwa unakimbia, ukasikia "paa" au kama mtu kakupiga jiwe

Sasa turudi kwa winga wetu. Nilipomuuliza kaniambia, "Braza nimesikia kama nimepigwa fimbo nyuma ya paja, nikageuka nione nani." Hiyo kauli peke yake inatosha. Kukaza hakupigi fimbo, kukaza kunajikunja kunakuwa donge. Kuchanika kunapiga.

Nyama za paja zinachanika zaidi pale mguu umerushwa mbele kabla haujakanyaga, msuli wa nyuma unafunga breki kwa nguvu huku unarefushwa. Na wanachanika wa mbio fupi kuliko wa mbio ndefu. Nyuzi za msuli zina aina, za polepole zisizochoka na za haraka zinazotoa moto zikaisha. Angalia kuku, paja jeusi kidogo kwa sababu anatembea kutwa, kidari cheupe kwa sababu anaruka mara moja akikimbizwa akatua. Njiwa anapaa mbali, kidari chake chekundu. Eliud Kipchoge aliyemaliza kilomita 42 kwa 1:59:40 pale Vienna 2019 na Ferdinand Omanyala aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Nairobi 2021 ni Wakenya wote wawili, ila ukiwachungulia ndani ya paja ni kama paja la kuku na kidari. Winga ni kidari, tena kakaa benchi dakika 60 kaingizwa bila kupasha.

Kucheki, mlaze kifudifudi, mwambie akunje goti huku unamzuia kidogo kisigino. Panauma ila nguvu ipo, ni michubuko ya nyuzi chache, wiki moja mpaka tatu. Nguvu imepungua na kuna alama ya damu inashuka chini ya ngozi kesho yake, ni kubwa, hesabu mwezi na zaidi. Kuna shimo ukipapasa na nguvu hakuna kabisa, umekatika, hiyo ni ya daktari wa mifupa.

Msuli umejaa damu, ukichanika unavuja ndani. Ndo maana yule wa dawa ya kuchua nilimtoa kwa ukali kidogo. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna kukanda na maji ya moto, hakuna kuchua, hakuna pombe, hakuna "jaribu kukimbia tuone". Bandeji ya kubana kiasi, mguu juu ya mto, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hivi kama inauma sana. Barafu ni ya maumivu tu, usidhani inaponya, hata Gabe Mirkin, daktari aliyeieneza ile kanuni ya kupumzisha na barafu mwaka 1978, miaka zaidi ya 30 baadaye akaandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Nimeshaona paja la beki lililokandwa kila jioni na shangazi yake baada ya kupigwa goti, wiki ya sita limekuwa gumu, eksirei ikaonyesha mfupa unaota ndani ya nyama. Shangazi alikuwa na nia nzuri jamani.

Baada ya hapo anza kuusogeza, mapema kuliko unavyodhani. Kulala wiki tatu kunaacha kovu fupi, na kovu fupi linachanika tena pembeni yake.

Kama sauti ya "paa" ilikuwa juu ya kisigino, umri kati ya 30 na 50, alikuwa anacheza mechi ya maveterani, akageuka kumtafuta aliyempiga teke na hakuna mtu, mlaze kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda, minya kigimbi. Mguu usioumia ukiminywa kigimbi kanyagio linasogea lenyewe kwenda chini. Upande ulioumia likibaki limetulia, kano ya Akilesi imekatika. Watu wanadanganyika kwa sababu bado anaweza kusogeza vidole na hata kuchechemea, wanasema ameteguka, wanapoteza mwezi mzima.

Dalili: haiumi, ila haina nguvu

Hapa ndo naomba uache simu nyingine usome.

Mtu kaamka mdomo umeenda upande, mtaani wanasema kapigwa na upepo au shetani kampiga kofi. Msuli wa uso hauna kosa, waya ndo umekufa, swali ni umekufa wapi. Mwambie akunje paji la uso kama anashangaa. Paji likiwa laini upande ule, hawezi kulikunja wala kufumba jicho, ni neva ya uso yenyewe imevimba, wengi wanapona, ila prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, inasaidia zaidi ikianza ndani ya masaa 72, na jicho lilindwe lisikauke, usiku lifungwe. Paji likikunjika vizuri pande zote lakini mdomo umeanguka, hapo shuku ubongo, kwa sababu misuli ya paji inapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, upande mmoja ukizima mwingine unaishikilia. Hiyo ni kiharusi, hasa mkono nao ukilegea au maneno yakivurugika, na kila dakika unayomtafutia mtu wa kumsomea inamla ubongo.

Nguvu inapotea kuanzia miguuni inapanda, jana vidole vilikuwa na ganzi leo magoti yanakatika kesho mikono, na wiki mbili tatu nyuma alikuwa na kuhara au mafua, kinga za mwili zinaweza kuwa zinashambulia neva. Hatari yake ni kufika kwenye misuli ya kupumua. Hospitali yenye mashine ya kupumulia.

Kope zinaanguka jioni, asubuhi mzima, anaona vitu viwili viwili, akitafuna nyama taya linachoka katikati ya sahani. Huyu kiungio chake ndo kibovu, kinga za mwili zinaziba pale asetilikolini inapopokelewa, ukitumia msuli unazidi kuisha, ukipumzika unarudi. Weka barafu juu ya kope dakika mbili, ikinyanyuka ni dalili nzuri ya kumpeleka kwa daktari wa neva. Dawa zipo na zinafanya kazi. Huyu mara nyingi anaambiwa anajidekeza, na inaniuma sana.

Mtoto wa kiume miaka mitatu minne, anaanguka ovyo, vigimbi vikubwa vinapendeza, watu wanasema atakuwa mcheza mpira huyu. Mkalishe chini umwambie asimame. Akigeuka akapiga magoti akaanza kujipanda mwenyewe, mikono juu ya magoti, juu ya mapaja, mpaka asimame, msuli wenyewe una kasoro toka kuumbwa. Protini ya distrofini haipo, jeni yake ilijulikana miaka ya 1980, mara nyingi inapitia kwa mama na kuwapata zaidi watoto wa kiume. Bado hakuna dawa ya kuiondoa, ila mazoezi sahihi na steroidi vinamuongezea miaka ya kutembea. Vile vigimbi vikubwa vimejaa mafuta na makovu, nyama haipo.

Dalili: mwili wote unauma na una homa

Usimtafute fizio. Pima malaria kwanza. Kama ni hasi na kichwa na nyuma ya macho vinauma, fikiria dengi, Dar imeshapigwa nayo 2014 na tena 2019, na hapo meza parasetamoli tu, achana na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini maana dengi inavujisha damu na hizo zinaongeza. Kama maungio ndo yanakukunja usiweze kunyooka ni chikungunya, jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja, liliandikwa baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini kwetu huku.

Dalili: msuli mmoja mgumu kama ubao, na homa

Paja au tako, hakuna kidonda juu, ngozi safi, mtu anadhani alijigonga. Wiki ya kwanza ni ugumu na maumivu, ya pili unapanda homa na msuli unavimba. Hili ni jipu la ndani ya msuli, na ni la huku kwetu kwenye joto zaidi kuliko kwao, bakteria mkubwa wake ni stafilokokasi. Vitabu vingi vya nje vinaligusa kidogo ndo maana hata wahudumu wengine wanalipita. Halikandwi! Linataka ultrasaundi, kunyonywa usaha na antibayotiki, na apimwe sukari na VVU kwa sababu yote mawili yanalifungulia mlango.

Dalili: taya limekaza, halifunguki

Jino linaweza. Lakini kama kuna mtu alikanyaga msumari siku kadhaa nyuma na sasa hafungui mdomo, shingo inakakamaa, akiguswa au akisikia mlango unagongwa mwili unajikunja upinde, ni pepopunda. Sumu yake inaondoa breki za neva kwenye uti wa mgongo, misuli yote inapigiwa amri kwa pamoja, na jozi zile nilizosema zinavutana zote hakuna anayelegea. Chanjo ipo, watoto wanapata na wajawazito wanapata, wanaume wazima ndo hatukumbuki.

Dalili: mgongo, shingo, kifua

Mgongo uliokaza baada ya kubeba mzigo, wengi unaisha ndani ya wiki chache ukiendelea kutembea. Usilale. Ila miguu ikilegea, au ukipoteza hisia sehemu unayokalia kwenye tandiko la baiskeli, au mkojo ukagoma au kukutoka, ni usiku huohuo, neva za chini zimebanwa.

Kifua kinachouma ukikigusa au ukijigeuza mara nyingi ni nyama za mbavu. Kifua kinachobana ukipanda ngazi, kikashika taya na mkono wa kushoto, ukisimama kinaachia, huo ni msuli wa moyo unalilia damu. Unapiga mara kama 100,000 kwa siku bila kupumzika, na umeumbwa usiweze kukaza kama kigimbi, baada ya kila pigo lazima ulegee kidogo kabla haujapokea amri nyingine. Kwa hiyo dawa ya kuchua kifuani kwa mtu wa miaka 55 anayetoka jasho la baridi, hapana.

Misuli ambayo huwezi kuiamrisha

Ipo kwenye utumbo, kwenye kizazi, kwenye njia za hewa. Chango la hedhi ni msuli wa kizazi unaobana kwa nguvu sana, ndo maana ibuprofeni ikiwahi siku ya kwanza inasaidia, inazuia kemikali inayoubanisha. Pumu ni misuli ya mirija ya hewa kubana, salbutamoli inailegeza. Kwikwi ni kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo, kushtuka bila ratiba, na kuna Mmarekani Charles Osborne aliyekuwa nayo kuanzia 1922 mpaka 1990, kwa hiyo yako ya dakika kumi vumilia.

Dalili: kope inacheza

Kila wiki lazima mtu aniulize. Mama yangu anasema unapata mgeni, na juzi kweli nilipata, kaja na goti lake anataka nimkande. Ni uzi mchache unapigiwa amri za uongo, sababu ni kukosa usingizi, kahawa nyingi, mawazo, kukodolea simu. Lala siku tatu mfululizo kama binadamu uone. Kikicheza kigimbi au mkono pia sio shida, ila tazama kama nyama ya pale inapungua, kiganja kinaingia ndani kati ya dole gumba na kidole cha shahada, vifungo vya shati vinakushinda. Kucheza na kunyauka vikiwa pamoja, nenda kwa daktari wa neva, na mwonyeshe ule mkono wakati unafunga kifungo.